RAV4 ya mkononi imewasha taa ya injini: tulisome gari kwanza kabla ya kununua sensa

Kisiki Mkavu
Wakuu, salaam. Nimenunua RAV4 mkononi mwa mtu hapa Dar, ya 2010, injini 2AZ-FE ya cc 2,362, namba D. Fundi wangu alilikagua juu na chini: bodi safi, miguu haigongi, gia zinaingia vizuri, ekzosi haitoi moshi. Siku tunakabidhiana dashibodi haikuwa na taa hata moja. Wiki hiyohiyo, nikiwa narudi kutoka Kibaha, taa ya injini ikawaka. Ni ile ya rangi ya chungwa, imetulia, haimetimeti.

Barabarani gari linavuta vizuri. Ila asubuhi likiwashwa likiwa limesimama, usukani unatetemeka kidogo na mshale wa mizunguko unapanda na kushuka. Ulaji wa mafuta bado sijaujua. Aliyeniuzia anasema kwake haijawahi kuwaka. Fundi wa jirani ameniambia ni sensa ya oksijeni, nikatafute nyingine. Mwingine anasema nimpe hela ya soda aifute.

Sitaki kununua kifaa kwa kubahatisha, na kufuta naona ni kuficha ugonjwa. Naomba wataalamu wanipe utaratibu wa kulipima, majibu nitayaleta humu. Nawasilisha.

Mtoto wa Msasani
Mkuu, hizo taa zisikuumize kichwa. Bandika tepu nyeusi maisha yaendelee. Yangu inawaka mwaka wa tatu huu na Dodoma nafika.

Fundi wa Gerezani
@Mtoto wa Msasani, kufika unafika, sikatai. Lakini taa ni moja tu. Ikishawaka kwa jambo dogo, kubwa likitokea haina namna ya kuwaka tena. Kesho koili ya kuwashia plagi ikianza kufa, au sensa ya kranki inayosoma mzunguko wa injini ikianza kukata, dashibodi yako itakuwa ileile ya jana, na utajua gari likishazima katikati ya Mikese usiku. Nakuomba kaka, ipime.

@Kisiki Mkavu, hongera kwa gari, na umefanya vizuri kutofuta. Mimi ni fundi umeme, taa hii naletewa kila siku, na hela nyingi ninazoona zikipotea hazipotei kwenye ubovu wenyewe. Zinapotea kwa mtu kubadilisha kifaa kabla ya kusoma gari. Kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza, jaribu la bure. Weka swichi on bila kuwasha injini. Taa ya injini LAZIMA iwake pamoja na ya oili na ya betri, halafu izime injini ikishaanguruma. Kwako najua inawaka kwa sababu unaiona, lakini kwa anayekwenda kununua hili ndilo la kwanza kabisa. Ukiweka swichi on taa ya injini isiwake, ujue balbu imetolewa, imezibwa, au waya wake umeunganishwa na taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja. Nimefungua dashibodi za namna hiyo kwa mikono yangu. Angalia kwa makini: ya oili na ya injini zikizimika kwa sekunde ileile kila mara, uliza maswali.

Pili, tafuta skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Chini ya usukani, karibu na goti lako, kuna tundu la pini 16. Kwa gari lako kile kifaa kidogo cha ELM327 kinachoongea na simu kwa Bluetooth kinatosha. Mwenye iPhone atafute cha Wi-Fi, kwa sababu vingi vya Bluetooth vya bei ndogo vinakubali Android tu. Marekani walilazimisha mfumo huu wa gari kujipima, unaoitwa OBD2, kwenye magari ya 1996 kuendelea, Ulaya kwa petroli ikawa 2001. Wajapani waliimarisha kanuni yao kwa magari ya ndani kuanzia 2008, ndiyo maana gari la Kijapani la kabla ya hapo linaweza kuwa na tundu lilelile na bado skana ndogo ikagoma kuongea nalo. Likigoma usiseme gari bovu, peleka kwa mwenye mashine kubwa.

Tatu, ukishaunganisha, USIGUSE palipoandikwa kufuta. Niletee vitu hivi:

Kodi yenyewe, yaani namba ya hitilafu, kama ilivyo, herufi na tarakimu zote. Usiniletee tafsiri ya fundi.

Kodi zinazosubiri. Hitilafu nyingi haziwashi taa mara ya kwanza. Kompyuta ikiiona safari moja inaiandika pembeni, ikiiona tena safari inayofuata ndipo inawasha.

Kumbukumbu ya wakati kodi ilipoandikwa. Kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa: mwendo, mizunguko, joto la maji, marekebisho ya mafuta. Anayekufutia kodi kwa hela ya soda anafuta na ushahidi huu.

Monita. Hivi ni vipimo ambavyo gari linajifanyia lenyewe: kimoja cha katalaiti (kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), kingine cha sensa za oksijeni, kingine cha uunguaji. Kila kimoja kinaonyesha kimekamilika au bado.

Na mwisho kabisa, umbali tangu kodi zifutwe. Programu nyingi za simu zinauonyesha. Huu utakuambia kama maneno ya aliyekuuzia yanalingana na gari.

Mama Junia
Fundi, samahani kuingilia uzi wa mtu. Mimi nina X-Trail, taa yangu haitulii. Nikipanda kilima inametameta na gari linakuwa kama linakata pumzi, nikifika tambarare inatulia. Nayo ni ya kusubiri mwisho wa mwezi?

Fundi wa Gerezani
Dada, hiyo usisubiri. Taa ikitulia ina nafasi ya kupimwa kwa utulivu. Ikimetameta, kompyuta inasema silinda inamisi kwa kiwango cha kuharibu katalaiti sasa hivi. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguzwa humo, masega ya katalaiti yanapata joto mpaka yanayeyuka. Mguu uuondoe kwenye mafuta, tembea polepole mpaka pa usalama, na ukiweza livutwe. Kodi yako itakuwa ya jamii ya P0300. Ikiwa P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea hivyo.

Gari lako lina koili moja kwa kila silinda. Fundi akihamisha koili ya silinda inayomisi kwenda silinda nyingine na kodi ikahamia huko, basi koili ndiyo mbovu, nunua moja hiyo. Isipohama, ahamishe plagi. Isipohama tena, ndipo muangalie nozeli inayopulizia petroli na mgandamizo wa silinda. Kazi hiyo haihitaji kununua hata skrubu.

Mama Junia
Ubarikiwe sana. Naliacha nyumbani, fundi atakuja hapahapa.

Kisiki Mkavu
Wakuu nimerudi. Nimepata ELM327 Kariakoo, imeunganika bila shida. Majibu haya:

Kodi: P0171, moja tu.
Zinazosubiri: P0171 hiyohiyo.
Kumbukumbu: mwendo 0, mizunguko 690, joto la maji nyuzi 86, marekebisho ya muda mrefu +21, ya muda mfupi +4.
Monita: ya uunguaji imekamilika, ya sensa za oksijeni bado, ya katalaiti bado.
Umbali tangu kodi zifutwe: kilomita 148.

Hiyo ya mwisho imenikata maini. Toka nilipokabidhiwa nimetembea karibu na hizo hizo. Maana yake lilifutwa kabla tu ya mimi kulitazama.

Fundi wa Gerezani
Pole mkuu. Huenda alifuta yeye, huenda dalali, huenda fundi alitoa betri akaiosha, maana kwenye magari mengi kutoa betri nako kunafuta. Hatumhukumu mtu humu. Lakini gari limesema lake: kilomita chache, monita hazijakamilika, na kodi imerudi. Ndiyo maana nawaomba wanaonunua: nendeni na skana. Dashibodi safi yenye monita zote zimekamilika ni habari njema. Dashibodi safi yenye monita nyingi zinazosema bado ni gari lililofutwa juzi, na hapo unaomba ukae nalo siku kadhaa au unaacha.

Sasa P0171. P ni injini na gia, 0 ni kodi ya magari yote duniani, 1 inayofuata ni upande wa mafuta na hewa. Tafsiri yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Petroli inaungua sawasawa kwa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi ikinusa hewa imezidi, kompyuta inaongeza petroli. Kiasi inachoongeza ndiyo hayo marekebisho. Kupanda au kushuka ndani ya asilimia 10 hakunitishi. Kwako ni 21 na 4, jumla 25. Kompyuta imeongeza robo nzima ya petroli na bado inalalamika.

Hapa ndipo watu wanaponunua sensa ya oksijeni. Mjumbe hauawi! Sensa imesema hewa imezidi, na mtetemo wako wa asubuhi unaiunga mkono. Swali ni hewa inaingilia wapi, au petroli inapungukia wapi.

Fanya hili: injini ikishapata moto, liache lisimame usome marekebisho yote mawili. Halafu kanyaga mpaka mizunguko 2,500, shikilia, usome tena.

Yakiwa makubwa gari likisimama na yakishuka ukikanyaga, hewa inavuja baada ya kipepeo cha hewa, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta: gasketi ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), mpira wa buusta ya breki, kipaipu cha PCV kinachotoa hewa ya ndani ya injini na kuirudisha kwenye manifoldi. Tundu ni lilelile, ila injini ikivuta hewa nyingi, ile inayoingia kwa wizi inakuwa sehemu ndogo ya jumla.

Yakiwa madogo gari likisimama na yakipanda kadiri unavyokanyaga, nenda kwenye pampu ya petroli, chujio, nozeli, au ile sensa ya hewa wanayoiita MAF ikiwa na vumbi inahesabu hewa pungufu. Barabara za vumbi na chujio la hewa la bei ya kutupa linaichafua sana. Ile inasafishwa kwa dawa yake maalumu, kwa kupuliza tu. Ukiigusa kwa pamba au kidole, ule waya mwembamba unakatika.

Pwani Mtulivu
Fundi, sisi wa Mombasa tunafuata kwa makini. Mimi niko na Forester, kodi ni P0420. Makanika wangu ananiambia niweke sensa mbili mpya, mbele na nyuma. Nilinunua gari ikiwa imetoka bandarini juzi tu. Hiyo nayo ni hewa?

Fundi wa Gerezani
Kaka wa Mombasa, hiyo ni hadithi nyingine. P0420 inasema katalaiti haifanyi kazi yake. Sensa ya nyuma iko pale kumkagua katalaiti. Katalaiti ikiwa nzima, volti za sensa ya nyuma zinatulia. Zikiwa zinapanda na kushuka haraka, hewa chafu inapita bila kusafishwa.

Kabla ya kununua chochote ingia chini ya gari. Masega ya ndani yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, na kuna watu wanayakata na kuyauza gari likiwa bado halijamfikia mnunuzi, kisha wanachomelea gamba lake kurudi mahali pake. Tazama kama kuna mshono wa kuchomelea ambao haufanani na wa kiwandani. Injini ikiwa imepoa, gonga kwa kiganja. Likiita kama debe tupu, hamna kitu ndani, na sensa ishirini mpya hazitakuzimia taa. Angalia pia kama ekzosi inavuja kabla ya sensa, maana hewa ya nje ikiingia pale inaidanganya kompyuta.

Pwani Mtulivu
Nimeingia chini sasa hivi na tochi. Kuna mshono pande zote mbili, umepakwa rangi ya fedha. Wallahi nimeumia roho.

Fundi wa Gerezani
Pole sana kaka. Gari litatembea, lakini hewa ya kaboni monoksidi na moshi mbichi vinatoka kama vilivyo, na watoto wetu ndio wanaivuta kwenye foleni. Ukipata uwezo weka nyingine. Na mpige picha huo mshono, umwonyeshe aliyekuuzia ukiwa na shahidi.

Bibi Msafi
Nauliza kwa faida ya wengi: oili inahusikaje na taa hii? Kuna mtu aliongezewa oili tu na taa ikaisha.

Fundi wa Gerezani
Inawezekana, hasa kwa kodi kama P0011. Mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kwenye injini hizi unasukumwa na oili. Ikipungua au ikiwa nzito kama lami, valvu hazifiki zilipoamriwa. @Kisiki Mkavu, hili likuhusu na wewe. Injini za 2AZ-FE, hasa zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2009, zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Marekani Toyota yenyewe iliongeza dhamana kwa ajili hiyo. La kwako ni la 2010, lakini zoea kuchomoa kile kijiti cha oili kila unapojaza mafuta. Taa nyekundu ya oili ikiwaka umeshachelewa.

Kisiki Mkavu
Fundi, nimefanya jaribio. Limesimama: muda mrefu +21, mfupi unacheza kati ya +3 na +5. Kwenye mizunguko 2,500: muda mrefu +5, mfupi unacheza kwenye sifuri. Nimeinama na boneti wazi, kuna mlio mdogo wa "sssss" upande wa nyuma ya injini, lakini feni ikizunguka siusikii.

Fundi wa Gerezani
Jibu zuri sana hilo. Petroli iko sawa, pampu usiiguse, MAF usiiguse, sensa ya oksijeni usiiguse. Una hewa ya wizi baada ya kipepeo.

Kuna wanaopuliza dawa ya kabureta juu ya injini ya moto ili wasikie mizunguko ikibadilika. Inafanya kazi, lakini inashika moto, nisingependa ufanye ukiwa peke yako. Wenye mashine ya moshi ndio wazuri zaidi: moshi unaingizwa kwenye manifoldi na unautazama unapotokea. Ukikosa, tumia njia ya kubana. Chukua koleo, lizungushie kitambaa ili lisikate mpira. Skana iwe inaonyesha marekebisho ya muda mfupi. Bana kipaipu kimoja baada ya kingine, KARIBU KABISA na kinapoingilia kwenye manifoldi. Ukibana mbali, ufa unaweza kuwa kati ya koleo na manifoldi na usione badiliko lolote. Anza na mpira mnene unaokwenda kwenye buusta ya breki, kisha kile cha PCV kinachotoka kwenye kifuniko cha valvu.

Kisiki Mkavu
NIMEUPATA. Mpira wa breki nilipobana, hakuna kilichobadilika. Nilipobana cha PCV, "sssss" ikakata, injini ikatulia, na muda mfupi ukaporomoka kutoka +4 hadi -16 mbele ya macho yangu. Nikakichomoa. Kwa juu ni kizima kabisa, cheusi kinang'aa. Nilipokigeuza, kwenye kona upande wa chini kuna ufa wa urefu wa ukucha, na ukikikunja unafunguka kama mdomo. Mpira wenyewe umekuwa mgumu, ukiubonyeza haurudi.

Na nimempigia aliyeniuzia, nikamtumia picha ya zile kilomita. Amesema alilipeleka gereji kuoshwa injini kabla ya kuuza, hajui walichofanya. Tumekubaliana atachangia. Nimeona tuishie hapo.

Fundi wa Gerezani
Hiyo -16 ni kompyuta inarudisha petroli iliyokuwa inaizidisha. Huo ndio uthibitisho, hakuna ubishi tena. Weka kipya, kisha sasa hivi ndipo kodi ifutwe, kwa sababu sababu imeondoka. Ukiiacha nayo si kosa: safari tatu mfululizo bila hitilafu taa inazima yenyewe, na kodi inajifuta baada ya injini kupata moto na kupoa mara 40. Lakini ukifuta unaanza ukurasa mpya, utaona haraka kama kuna kingine nyuma yake. Tembea mchanganyiko, mjini na barabara kuu kwa mwendo usiobadilika, mpaka monita ya katalaiti ikamilike. Gari lililokuwa linazidishiwa petroli nataka nilione hilo.

Mtoto wa Msasani
Fundi, nimetoa tepu. Nimepima, P0135. Nianzie wapi?

Fundi wa Gerezani
Safi sana kaka. Hiyo ni hita ya sensa ya oksijeni ya mbele. Anza na fyuzi yake, halafu soketi kama ina kutu au waya umeunguzwa na ekzosi. Vikiwa vizima, pima ukinzani wa hita kwa mita. Ukikuta haionyeshi kitu, waya wa ndani umekatika, na hapo ndipo sensa inanunuliwa kwa haki.

Kisiki Mkavu
Mrejesho wakuu. Kipaipu kimewekwa, kodi imefutwa, nimeenda Morogoro na kurudi. Limesimama: muda mrefu +2. Kwenye 2,500: +1. Monita zote zimekamilika pamoja na ya katalaiti, hakuna kodi inayosubiri. Usukani umetulia, mshale haupandi wala haushuki.

Bibi Msafi
Hongera. Kipaipu ulipata cha gari lenyewe au mlikata mpira wa mita?

Kisiki Mkavu
Ilala walitaka kunikatia wa mita, ule wa petroli. Niliupima pale dukani, kwenye ile kona unajikunja na kujiziba. Nikatafuta chenye kona yake cha 2AZ, nikakipata duka la tatu.

Fundi wa Gerezani
Umefanya sawa. Wa mita ukijiziba, hewa ya ndani ya injini inakosa pa kutokea na oili inaanza kuvujia kwenye sili. Na kibano cha zamani kama kimelegea badilisha na chenyewe, bei yake ni ndogo. Chukua vile vya springi, vya skrubu vinakata mpira.